Bili unaipinga, jina linachafuka: tatizo liko wapi, na ushike wapi kwanza

Aliyezoea LUKU au tokeni za KPLC akifika Uingereza huwa amebeba kichwani kanuni iliyokuwa sahihi kabisa kule alikotoka: unanunua uniti, zikiisha giza linaingia, na hakuna anayekudai. Hapa nyumba nyingi hutumia kwanza, hulipa baadaye. Kampuni ya umeme inakukopesha kila unapowasha jiko, na kama mkopeshaji mwingine yeyote inaweza kupeleka habari zako kila mwezi kwa Experian, Equifax au TransUnion, mashirika matatu makubwa yanayotunza historia za mikopo nchini humu. Bili ya gesi ya pauni 74 inakaa ukurasa mmoja na mkopo wa gari.

Wanaonaswa mara nyingi ni wale wenye haki. Bili imekosewa, mtu anajua imekosewa, anagoma kulipa mpaka irekebishwe. Kompyuta ya kampuni haijui kugoma ni nini. Inachokiona ni kwamba mwezi umepita na hela haijaingia, na yule anayepokea malalamiko yako kwa simu mara nyingi hana mawasiliano na wanaotuma taarifa za madeni. Kwa hiyo una kazi mbili, kuipinga bili na kuizuia isiguse faili lako, na ukifanya ya kwanza peke yake ya pili inakuponyoka.

Ninayoandika yanahusu hasa England na Wales. Scotland ina mahakama zake, na huko maji hulipwa pamoja na kodi ya halmashauri. Ireland ya Kaskazini nayo ina utaratibu wake.

Kabla ya kumpigia mtu simu

Chukua ripoti zako tatu. Kisheria kila shirika lazima likupe ripoti yako bure, kwa hiyo usilipie. Zitazame zote, kwa sababu kampuni haziripoti mahali pamoja: unaweza kuwa safi Experian na mchafu Equifax. Achana kwanza na ile namba kubwa yenye rangi ya kijani au nyekundu (credit score). Kila shirika lina kipimo chake, na benki haiamui kwa namba hiyo unayoiona wewe, inachukua taarifa zilizo chini yake na kuzipima kwa mizani yake.

Kwenye akaunti ya umeme, gesi au maji tafuta mambo manne: jina na anwani, tarehe ya kufunguliwa, kiasi kinachodaiwa, na ule mstari wa miezi. Sifuri ni kwamba ulilipa. Moja, mbili, tatu ni idadi ya malipo uliyo nyuma. Ukikuta 8 au neno "default", hiyo ndiyo difolti: kampuni imetangaza kwamba makubaliano yamevunjika. Kwa kawaida difolti huandikwa mtu akiwa nyuma kati ya miezi mitatu na sita, na kabla ya kuiandika kampuni inapaswa kukuarifu angalau siku 28 mapema. Ikishaandikwa hukaa miaka 6 tangu tarehe yake, ulipe usilipe. Ukilipa, inaongezewa tu kwamba deni limemalizwa.

Nairudia hiyo kwa sababu kila mwaka nakutana na mtu aliyeambiwa "lipa, itafutika". Haifutiki kwa kulipa. Inafutika pale tu inapoonyeshwa kwamba haikupaswa kuwapo.

Dalili: bili imeruka ghafla, lakini faili bado safi

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako, maana bado hakuna cha kufuta.

Kwanza tazama herufi iliyo kando ya usomaji wa mita. E ni makadirio, A ni usomaji halisi, C ni namba uliyotuma mwenyewe. Bili yenye E mbili haijapima chochote, ni mtu ameketi mahali akabahatisha. Nenda kwenye mita, piga picha namba zionekane pamoja na namba ya mita yenyewe, itume siku hiyo hiyo. Kesi nyingi huishia hapo.

Pili, linganisha namba ya mita iliyo kwenye bili na ile iliyo ukutani. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaokaa kwenye nyumba kubwa za zamani zilizokatwakatwa kuwa fleti nne au tano, ambazo sisi wageni ndio wapangaji wake wakubwa. Mafundi waliovuta nyaya miaka hiyo hawakuwa na haraka ya kuandika mita ipi ni ya nani. Kipimo chake ni rahisi: zima swichi kuu ya fleti yako, kisha tazama mita unayolipia. Ikiendelea kuhesabu wakati kwako ni giza, unamlipia jirani. Fanya hivyo jirani akiwepo, wote wawili mpige picha, halafu kila mmoja aiandikie kampuni yake. Mkiandika mmoja tu, atakayegundua kwamba amekuwa akilipa kidogo atakuwa na kila sababu ya kukaa kimya.

Tatu ni gesi, na hii watu wengi hawajawahi kuisikia. Mita za zamani hupima kwa futi za ujazo, mpya kwa mita za ujazo. Uniti moja ya mita mpya ni takriban kilowati-saa 11, ya mita ya zamani ni takriban 31, kwa sababu ya kuzidishwa kwa 2.83. Kampuni ikibadilisha mita na kusahau kubadilisha aina yake kwenye kumbukumbu, bili inakaribia kuwa mara tatu. Mama mmoja wa Leicester, mtu wa Bukoba, alikaa baridi nzima amevaa koti ndani ya nyumba akiamini tatizo ni matumizi yake. Nilipofika nikamwamkia, hata chai sikunywa, nikamwomba tochi. Juu ya mita pameandikwa m³. Kwenye bili, ukurasa wa nyuma kabisa, hesabu inazidishwa kwa 2.83. Hakuwa na matumizi makubwa hata kidogo. Kwa hiyo soma ule ukurasa wa nyuma ambao hakuna anayeusoma.

Nne ni bili ya nyuma. Kampuni imelala miaka, imeamka, inadai yote kwa mkupuo. Tangu Mei 2018 kanuni za Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, zinakataza kumtoza mteja wa nyumbani nishati aliyoitumia zaidi ya miezi 12 kabla ya bili, kama hakuwahi kutozwa ipasavyo. Bili iliyotoka Juni 2025 haiwezi kurudi nyuma ya Juni 2024. Makadirio ya chini yaliyoachwa yarundikane miaka mitatu nayo yamo. Isiyokulinda ni tabia yako mwenyewe: kama ulimzuia msoma mita au ulichezea mita, kanuni hii si yako. Na ni ya umeme na gesi tu, kampuni za maji haziguswi nayo.

Kuna na sababu ya tano ambayo haipendezi kuitaja: umetumia kweli. Hita ya umeme ya kilowati 2 ikiwaka saa nane kwa siku inakula uniti 16. Zidisha kwa siku 30 kabla hujaandika barua ya hasira.

Dalili: wanakudai ya kabla hujahamia

Siku upangaji wako unapoanza, unakuwa mteja wa kampuni iliyopo pale hata kama hukusaini chochote. Sheria inahesabu kwamba mkataba upo. Kinachohesabiwa ni tarehe iliyo kwenye mkataba wa nyumba. Ukipewa ufunguo tarehe 1 ukahamia tarehe 20, zile siku 19 ni zako. Ya kabla ya tarehe 1 ni ya mpangaji aliyetoka, au ya mwenye nyumba kama ilikuwa tupu.

Barua zikija kwa jina la "mkaaji wa nyumba" usizitupe ukijiambia jina lako halimo. Hiyo ndiyo hatua ambayo deni halijapata mwenyewe, na ndipo panaporekebishika kwa urahisi. Tuma nakala ya mkataba wa upangaji, usomaji wa mita wa siku ya kwanza na jina lako kamili. Kama hukusoma mita siku ya kwanza, wakala wa nyumba huwa ameiandika kwenye ile orodha ya vitu, iombe.

Mita ya kulipia kabla, ile inayofanana na LUKU, ina mtego wake. Ufunguo au kadi uliyoikuta kwenye droo inaweza kuwa na deni la aliyetoka, na kila ukiweka pauni 10 inakatwa kidogo. Piga simu kwanza, waambie umeingia lini, wakupe ufunguo mpya na waifute mita deni lile, ndipo uweke pesa. Uzuri wa mita hiyo ni kwamba ni vigumu kukuingiza kwenye deni jipya. Ubaya ni kwamba kwa kawaida haikujengei historia yoyote.

Dalili: unabishana nao mwezi wa pili, na alama za kuchelewa zimeanza

Hiki ndicho kiini cha mambo. Ukiwa hapa, fanya kwa mpangilio huu.

Usisimamishe makato ya benki (direct debit, malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi) kwa hasira. Najua mkono unawasha. Ukisimamisha, hata ile sehemu usiyoibishia inageuka kuwa deni, na kampuni inapata sababu halali ya kuandika alama. Kama wamepandisha makato hadi kiwango usichokiweza, ni afadhali ulipe mwenyewe kila mwezi kiasi unachokikubali, huku umewaandikia kwamba ndivyo utakavyofanya na kwa nini.

Kiasi unachokikubali unakipata kwa hesabu, si kwa kukisia. Tuseme bili inasema pauni 310. Wewe umesoma mita mwanzo na mwisho wa mwezi, ni uniti 210. Bei yako ni peni 25, hiyo ni pauni 52.50. Tozo ya kila siku ni peni 60 kwa siku 30, pauni 18. Jumla 70.50. Hakikisha bei uliyotumia tayari ina VAT ya asilimia 5. Lipa hizo 70.50 siku ya bili, na waandikie kwamba unazipinga pauni 239.50. Umewanyima nafasi ya kusema hulipi, na ubishi sasa una namba.

Kisha andika malalamiko rasmi. Barua itakuwa ya Kiingereza, na ndani yake neno "complaint" lazima litokee, tena mapema. Ukiandika kwamba una swali, utajibiwa kama mwenye swali, na siku hazitaanza kuhesabiwa. Weka namba ya akaunti, namba ya mita, picha zenye tarehe, kiasi ulicholipa, kiasi unachopinga na sababu yake kwa sentensi mbili tatu. Halafu ombi ambalo wengi husahau: wasipeleke taarifa mbaya kuhusu kiasi kinachobishaniwa mpaka malalamiko yaishe, na wakuthibitishie hilo kwa maandishi. Miongozo ambayo wakopeshaji hapa wanaifuata inataka difolti isiandikwe wakati kuna ubishi wa kweli kuhusu kiasi kinachodaiwa. Lakini anayetakiwa kuonyesha kwamba ubishi upo ni wewe, na simu uliyopiga ukiwa kwenye basi haiachi karatasi. Ukipiga simu, andika tarehe, saa na jina la uliyeongea naye, kisha jioni ile ile tuma barua pepe ya mistari mitatu: leo tumezungumza, umeniahidi hivi.

Wana wiki 8. Zikipita bila suluhu, au wakikupa mapema barua inayosema wamefika mwisho wao, unakwenda Energy Ombudsman, chombo huru cha kusuluhisha. Huduma ni bure, na ukishapata barua ile una miezi 12. Chombo hicho kinaweza kuiamuru kampuni irekebishe bili, iombe radhi, ilipe fidia na iondoe alama kwenye faili lako. Ukiukubali uamuzi, kampuni imefungwa nao. Usipoukubali bado unaweza kwenda mahakamani. Taja faili la mikopo tangu ukurasa wa kwanza wa maombi yako. Nimewaona watu walioshinda bili na kurudishiwa pesa zao huku alama zimebaki, kwa sababu hawakuziomba ziondolewe na hakuna aliyewaza kuziuliza. Kwa maji, ukishamalizana na kampuni, mlango wako ni CCW, baraza la watumiaji wa maji.

Kuna wakati kulipa yote ndiyo busara. Kama wiki sita zijazo unaomba mkopo wa nyumba na kinachobishaniwa ni pauni 120, lipa, huku umeandika wazi kwamba unalipa chini ya pingamizi na hukubali kwamba unadaiwa. Malalamiko yanaendelea kama kawaida. Alama moja inaweza kukupandishia riba kwa miaka, na hapo zile 120 ni ndogo. Kiburi kina gharama. Mimi binafsi ningelipa, ingawa nimewahi kufanya kinyume na nikajifunza.

Na nyumba ya pamoja? Wanaume watano wa kijiji kimoja, bili kwa jina la yule aliyefika kwanza. Wakigombana kuhusu nani aliacha hita, faili linaloumia ni lake peke yake. Majina mengine yaongezwe kwenye akaunti, au yeye asome mita kila mtu anapoingia na anapotoka. Huo undugu wa WhatsApp haukubaliki Equifax.

Dalili: difolti ya nyumba uliyokwisha kuhama

Yangu ilikuwa hii. Nilihama mwezi wa tisa, nikarudisha funguo, nikafuta makato ya benki kwa sababu nilidhani nimemaliza. Bili ya mwisho, pauni 41 na senti zake, ikaenda kwenye anwani ya zamani. Ukumbusho nao ukaenda kule kule. Niliijua baada ya mwaka mzima, siku niliyokataliwa simu ya mkataba dukani, mbele ya mwanangu.

Bili ya mwisho hutakiwa kutoka ndani ya wiki 6. Ukiondoka acha anwani mpya kwa maandishi, piga picha ya mita siku ya mwisho, na uache makato yaendelee mpaka bili hiyo ipite. Lipa pia huduma ya posta ya kukuhamishia barua, hata kwa miezi mitatu tu.

Kama limeshatokea, swali la kwanza ni: barua ya onyo la siku 28 waliituma wapi? Waombe taarifa zako zote walizonazo. Ni haki yako chini ya sheria ya ulinzi wa data, ni bure, na wana mwezi mmoja. Humo utaona tarehe za barua, anwani zilizotumiwa, na mara nyingi maandishi ya mhudumu: "mteja ametoa anwani mpya". Mstari kama huo ni dhahabu. Ukiwa nao, andika kwamba onyo halikukufikia ilhali walikuwa na anwani yako, na udai difolti iondolewe kabisa. Kama hukuwapa anwani, kesi yako ni dhaifu, na kusema kweli hapo kinachobaki ni kuomba kwa adabu. Lipa, eleza, omba. Wengine hukubali, wengi hukataa.

Dalili: deni silijui kabisa

Wenye majina kama Mohamed Ali Salim wanajua nakoelekea. Herufi zinabadilika kila ofisi, Hamisi leo, Khamis kesho, jina la babu linawekwa mahali pa ukoo. Ongeza kwamba wengi waliofika kama wakimbizi, ndugu zetu wa Kongo na Burundi wakiwemo, waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Majina mawili yanayofanana na tarehe moja ya kuzaliwa yakikutana kwenye jengo moja, mafaili yanachanganyika.

Hapa usianze na kampuni ya umeme pekee. Fungua pingamizi kwenye shirika lenye kosa, tuma kitambulisho na ushahidi wa ulikokuwa ukiishi tarehe zile, na peleka malalamiko yale yale kwa kampuni iliyoripoti. Shirika halibadilishi taarifa bila kumuuliza aliyeileta, ndiyo maana unapiga pande zote mbili. Wana siku 28 za kukujibu. Wakikataa, una haki ya kuweka maelezo yako ya hadi maneno 200 kando ya taarifa ile, na kila mkopeshaji anayefungua faili anapaswa kuyasoma. Yaandike kwa utulivu. Fahamu pia kwamba maelezo hayo huyatoa maombi yako kwenye uamuzi wa kompyuta na kuyapeleka kwa binadamu, kwa hiyo majibu huchelewa. Ukikwama kabisa, nenda ICO, ofisi ya kamishna wa taarifa.

Ukiona ni wizi wa utambulisho, mtu amefungua akaunti kwa jina lako, toa taarifa kwa polisi pia. Na kama mtu huyo ni binamu uliyempa kitanda, hilo ni lako na familia yako, lakini faili halitasafishika bila kumtaja.

Dalili: barua inataja mahakama

Usiiweke juu ya friji. Kabla ya kufungua kesi, mdai hutakiwa kukutumia barua yenye fomu na kukupa siku 30. Jaza, weka alama kwamba unapinga, ambatanisha malalamiko yako. Kama ni wakusanya madeni wamechukua, waandikie kwamba deni linabishaniwa na kesi iko kwa Ombudsman, hapo kwa kawaida hulirudisha kwa kampuni.

Hati ya madai yenyewe ikifika una siku 14, au 28 ukithibitisha kwanza kwamba umeipokea. Ukinyamaza, mdai anapewa hukumu bila wewe kusikilizwa. Hukumu hiyo ya mahakama ya kaunti, ambayo kila mtu huiita CCJ, hukaa miaka 6 na ni nzito kuliko difolti. Ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja huondolewa kwenye daftari la hukumu. Ukichelewa inabaki, imeandikwa tu kwamba imelipwa. Kama hati zilienda anwani ya zamani na una utetezi wa kweli, unaweza kuiomba mahakama iitengue, ila ufanye hivyo mara tu unapojua. Hapa usihangaike peke yako: Citizens Advice na National Debtline, wanaotoa ushauri wa haki na madeni, hawatozi kitu. Anayekuomba pauni 300 "akusafishie jina" anakuuzia barua ambazo umeshajua kuziandika.

Dalili: wamesahihisha, bado nakataliwa

Taarifa hupelekwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo subiri wiki nne hadi sita kabla ya kuomba tena. Kila ombi jipya linaacha nyayo, na nyayo nyingi kwa muda mfupi zinasomeka kama mtu aliyebanwa.

Kisha tazama kama umo kwenye daftari la wapigakura, maana wakopeshaji hulitumia kuthibitisha kwamba unaishi unaposema unaishi. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wenye kibali cha kuishi wanaweza kujiandikisha, kwa sababu nchi zao zimo Jumuiya ya Madola. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani kura ni ya wenye pasipoti ya Uingereza tu. Wa Kongo, Burundi na Oman wanaoishi England hawana njia hiyo mpaka wapate uraia, lakini wanaweza kuyapelekea mashirika uthibitisho wa anwani ili uwekwe kama maelezo.

La mwisho ni kuangalia tena ripoti zote tatu, si ile moja iliyokuwa na kosa. Yule mama wa Leicester aliondolewa alama mbili za kuchelewa Experian na Equifax mwezi ule ule. TransUnion zilikaa wiki tisa zaidi, na tulizikuta kwa sababu tu alitaka kunionyesha kwenye simu jinsi alivyokuwa msafi.